Mwenye Kisiki

Kisa hiki nimekisimulia mara tatu kwenye jumuiya ya sala ninayohudhuria mjini, ambako hawajui ya kwetu, na mara zote tatu nilisema kilimpata fundi mmoja wa upande wa Ikungi, rafiki wa jirani yangu. Wenzangu walishika vifua, wakaomba tusali. Leo nakiandika kwa sababu nimechoka kuombewa kwa jina la mtu asiyekuwepo. Hakuna fundi wa Ikungi. Fundi ni mimi, Antipasi, na Mungu anisamehe kwa kuongeza uongo juu ya uongo.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita, siku ya kawaida kabisa. Watu walikuwa wanapiga alizeti, upepo unapeperusha makapi mpaka barabarani. Mimi nilikuwa kwenye karakana yangu, kibanda cha mabati kando ya barabara iendayo Singida Mjini, nikipiga msasa stuli ya mtu. Vitanda na milango niliacha miaka minne iliyopita. Siku hizi nafanya kazi za mizizi. Watu wakikata mti wanachukua gogo, mzizi wanauachia ardhi, unawavunjia majembe mpaka wanauchoma moto. Mimi nauwahi kabla ya moto. Naung'oa, nausugua kwa brashi ya waya, nauacha ukauke, natoa palipooza kwa patasi. Matundu yanayobaki nayamiminia epoksi, ile gundi ya majimaji inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha. Ikishika inakuwa ngumu na angavu kama kioo. Ukiinama ukatazama, unauona mzizi umelala mle ndani kama kitu kilichozama kwenye maji safi.

Padre wetu alikuwa ameiona meza yangu moja kwa mkuu wa shule, akaipenda. Kigango kilikuwa kimemaliza kuezeka kanisa jipya, na bakuli la ubatizo lilikuwa bado linawekwa juu ya meza ya plastiki. Akaniuliza kama ninaweza kulitengenezea kiti cha mzizi. Nikasema nitafanya bure, iwe sadaka yangu. Nilisema kwa sauti, wengine wasikie. Hilo nalo naliungama.

Jioni ileile shemeji yangu Gerald, kaka wa mke wangu, akapiga simu. Kwao kulikuwa na kisiki cha mkungugu nyuma ya nyumba ya mama yao, mti ulioanguka zamani, na yeye alitaka kupitisha uzio wa ng'ombe pale. Akanitania kwamba kama fundi wa mizizi bado ana mgongo, aje na sururu, lakini asitegemee kupewa ugali kwanza.

Kabla sijaendelea, lazima niseme jambo ambalo mimi na mke wangu Emiliana hatukuwahi kulizungumza kwa miaka kumi na saba.

Nikiwa kijana niliandaliwa kwenda kusomea ukatekista. Mwaka huohuo Emiliana akapata mimba yangu. Wazee wao walikuja nyumbani na ujumbe, nami nikaapa mbele ya baba yangu kwamba binti huyo simjui. Mtoto akazaliwa, wa kiume. Akaishi siku tatu. Siku ya tatu pumzi ikaanza kukatika, na mvua ilikuwa imekata barabara ya zahanati. Wakamtuma mtu na baiskeli aje kwangu. Hawakutaka niseme mimi ni baba. Walitaka nije nimwagie mtoto maji na kumpa jina, kama nilivyokuwa nimefundishwa, asife bila ubatizo. Nilikuwa nakula. Nikamwambia mjumbe akaseme hakunikuta.

Mtoto alikufa jua likiwa juu. Hakuwa na jina.

Chuo sikukimaliza. Miaka miwili baadaye nikamwoa Emiliana, na watu wakanisifu kwamba nimemsitiri binti wa watu aliyeachwa na mtu mwingine. Hakunikanusha. Tukampata Joyce, na tangu hapo yeye ni Mama Joyce na mimi ni Baba Joyce, kana kwamba Joyce ndiye wa kwanza. Mtu mmoja tu hajawahi kuniita hivyo. Mama mkwe wangu, Mama Editha, huniita "baba" tu, halafu ananyamaza, kama mtu aliyebakiza neno mdomoni.

Basi nikaenda kwenye kisiki. Mama Editha alikuwa ameketi mbele ya nyumba na ungo wa alizeti. Kwetu humkaribii mama mkwe wako, wala humtazami usoni. Unasimama mbali, unasalimia, unapita. Wengine huona desturi hii ni mzigo. Kwangu ilikuwa kichaka cha kujifichia. Nikasimama penye kona ya nyumba nikatoa shikamoo yangu. Akaitikia. Halafu, bila kuinua kichwa kwenye ungo, akauliza:

"Mwenyewe amekubali?"

Gerald alikuwa nyuma yangu na mtaimbo begani. Shamba ni lake, alirithi kwa baba yao.

"Amekubali, mama," nikasema.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Kisha akaendelea kupepeta.

Tulichimba tangu asubuhi mpaka saa tisa. Nimeng'oa visiki vingi, lakini kile kilikuwa na umbo la peke yake. Mizizi mitano ilikuwa haijaenda chini wala pembeni. Ilikuwa imejikunja kwenda juu na kukutana, kama vidole vya mtu aliyefumbata kitu. Nikamwambia Gerald hapa hata patasi haina kazi, bakuli litakaa lenyewe. Akacheka, akasema labda mti ulijua kwamba padre atakuja kuuhitaji.

Nikaukausha chini ya bati miezi mitatu. Mti wenyewe ulikuwa umekufa miaka mingi, ulikuwa mkavu tangu shambani, ukiugonga unalia kama ngoma. Nasema hivi kwa ajili ya mafundi watakaosoma. Najua mtakachosema.

Mwezi wa tisa nikamimina epoksi.

Fundi yeyote wa kazi hii anajua mapovu. Ukimimina, hewa iliyojificha kwenye mti inapanda juu, nawe unapitisha moto wa gesi kwa mbali, mapovu yanapasuka. Nusu saa kazi imekwisha. Siku ile yalipanda kama kawaida, nikayapitishia moto, yakaisha. Nikakaa kunywa maji. Nilipogeuka, pale katikati, mizizi ilipokutana, yalikuwa yanapanda tena. Madogo. Yanapanda kidogo, yanasimama. Yanapanda kidogo, yanasimama.

Nikajiambia ni unyevu. Nikapitisha moto. Yakaacha.

Nikaweka moto chini. Yakaanza.

Nilikaa pale saa nzima nikiyatazama, na bila kutaka nikajikuta navuta pumzi pamoja nayo. Yakipanda, natoa. Yakisimama, navuta. Yalikuwa ya haraka haraka, kama ya kiumbe kidogo. Halafu yakaanza kuchelewa. Yakachelewa zaidi. Nami kifua kikanibana, nikawa nangoja.

Hayakupanda tena.

Asubuhi epoksi ilikuwa imeshika, ngumu kama kioo. Chini kabisa, katikati ya mizizi, lilikuwa limebaki povu moja, ukubwa wa punje ya mahindi. Nikasema si kitu, ni doa dogo, hakuna atakayeliona.

Kesho yake lilikuwa limesogea juu.

Epoksi ikishashika hakuna kinachosogea ndani yake. Ni sawa na kusema msumari umetembea ndani ya ukuta. Nikadhani macho yananidanganya, nikaweka alama ya penseli kwa nje, usawa wa lile povu. Siku iliyofuata povu lilikuwa juu ya alama kwa upana wa kidole. Nikaweka alama nyingine. Likaipita nayo. Wiki mbili nilichora mistari, nikaifuta, nikachora. Sikumwambia mtu. Nilisali rozari nikiwa nimeupa mgongo ule mzizi.

Siku moja mchana Emiliana aliniletea chai. Kwa kawaida anaiweka mlangoni na kuondoka, vumbi linamkohoza. Siku hiyo aliingia. Akaweka mkono juu ya mzizi, akatazama ndani. Nikaendelea na kazi. Nilipoinua macho nikaona anajitikisa. Mguu huu, mguu ule. Polepole. Ni ule mtikiso wa mama aliyebeba mtoto anayekataa kulala. Mikononi hakuwa na kitu.

"Mama Joyce," nikamwita.

Akashtuka. Nikamuuliza anafanya nini.

"Sifanyi kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna joto hapa."

Nikagusa alipogusa. Ilikuwa kweli.

Hapa nisimame, kwa sababu kuna jambo nimeliruka. Hata kwenye jumuiya niliruka hapohapo. Siku nilipousafisha ule mzizi kwa brashi ya waya, nilikuta kitambaa. Kilikuwa kati ya vile vidole vitano, kimemezwa na mti, kimebaki kipande cha ukubwa wa kiganja na fundo lake. Kitenge. Rangi zilikuwa zimekwisha lakini fundo lilikuwa bado limekaza, fundo la mtu aliyefunga kwa uangalifu ili kisifunguke. Nilijua. Sikuhitaji kuambiwa. Nilijua mke wangu alitoka kwenye nyumba ile, na nilijua ni mambo gani akina mama hufunga kwenye kitenge na kuzika nyuma ya nyumba bila kuwaambia wanaume. Nilikata lile fundo kwa patasi, nikalitupa kwenye moto wa makapi, nikaendelea kusugua. Nilikuwa nimeshamwahidi padre.

Dominika ya pili ya mwezi wa kumi na moja bakuli likawekwa juu ya kiti chake kanisani. Watu walipita wakakigusa, wakanipongeza. Watoto saba walikuwa wabatizwe, wa kwanza akiwa binti mchanga wa Gerald, kwa hiyo Mama Editha alikuja naye, akaketi mbele upande wa wanawake karibu na Emiliana. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, safu ya pili. Niliweza kuliona povu. Lilikuwa limefika juu kabisa. Kati yake na hewa palikuwa na ngozi nyembamba tu.

Watoto walikuwa wanalia, saba kwa pamoja, kanisa limejaa kelele. Padre akamimina maji kwenye bakuli. Gerald na mkewe wakasogea na mtoto. Padre akauliza, kama inavyoulizwa siku zote:

"Mtoto huyu mnampa jina gani?"

Kukatokea mlio mdogo. Tk. Kama ukucha kwenye glasi.

Watoto wote saba wakanyamaza.

Sikusema mmoja baada ya mwingine. Kwa pamoja. Nami nikasikia pumzi ikivutwa. Ndefu. Kutoka chini ya bakuli. Ikavutwa, ikavutwa, halafu ikakaa, haikutolewa. Ilikuwa inangoja.

Mke wa Gerald akafungua mdomo kutaja jina la binti yake, sauti haikutoka. Gerald akajaribu. Haikutoka. Padre akauliza tena, taratibu, akidhani wana aibu. Wale watoto walikuwa wamegeuza vichwa, hata wale wa wiki mbili ambao shingo bado hazijakaza. Hawakukitazama kile kiti. Walinitazama mimi.

Nilijua ninachopaswa kusema. Ni neno moja tu, jina lolote, na kusema ni mwanangu. Emiliana alikuwa amesimama mahali pake, mkono kifuani, akinitazama pamoja na wale watoto.

Nikainamisha kichwa. Nikajifanya nasali.

Nasema tena ili nisijidanganye: niliitwa mara ya pili, na mara ya pili nilisema hakunikuta.

Pumzi ikatolewa. Watoto wakaanza kulia upya. Mtu wa karibu akapiga kelele ndogo, padre akarudi nyuma hatua moja. Bakuli lilikuwa kavu. Hapakuwa na ufa, sakafu haikuwa na tone. Maji ya ndoo nzima yalikuwa yameenda mahali. Yule binti na wenzake walibatizwa kwa beseni la sakristia, na waumini wakaambiwa kwamba mzizi bado ulikuwa na kiu, mti mkavu hunywa. Watu wakacheka kidogo ili watoke salama.

Nje ya kanisa Mama Editha alikuja kwangu. Alipita katikati ya watu, akasimama karibu, karibu kuliko mkwe anavyoruhusiwa, akanitazama machoni. Nilimwona uso wake kwa mara ya kwanza. Anafanana sana na mke wangu.

"Nilikuuliza kama mwenyewe amekubali," akanong'ona.

"Nilidhani unamsema Gerald, mama."

"Hukudhani."

Akaniambia yote kwa maneno machache. Siku ile Emiliana alikuwa hoi kwa homa, hajui kilichoendelea. Mtoto hakuwa na ubatizo, na baba yao aliogopa kuomba nafasi kwenye makaburi ya kanisa. Kwa hiyo yeye, Mama Editha, alimfunga kwenye kitenge chake mwenyewe, akamlaza chini ya mkungugu, peke yake. Hakumwonyesha binti yake mahali, na binti hakuuliza.

"Mti ulianguka mwaka uliofuata," akasema. "Mizizi haikumwachia. Wewe ndiye uliyemwachisha."

Jumapili hiyo sikula. Nilimkuta Emiliana uani anachambua mchicha, nikaketi chini kwenye vumbi, nikamweleza. Nilianza na kitambaa, nikarudi nyuma mpaka kwenye baiskeli ya mjumbe na sahani niliyokuwa naila. Hakulia. Mikono iliendelea na mchicha.

"Nilijua ulikuwepo nyumbani siku ile," akasema. "Yule mjumbe aliniambia ulikuwa na mchuzi kidoleni."

Miaka kumi na saba alikuwa akijua. Amenipikia miaka kumi na mitano.

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akafikiri. Akasema hataki niombe msamaha, msamaha niupeleke kwa padre. Anataka nimtafutie mwanae jina, na nilitaje mahali ambapo watu watanisikia.

Nikaenda kwa padre. Aliniambia kanisa halibatizi wafu, akanieleza kwa upole, lakini akasema kuomba hakukatazwi, naye akaja. Jumatano asubuhi tulikirudisha kile kiti nyuma ya nyumba ya Mama Editha. Gerald, ambaye siku zote ana neno la utani, alichimba bila kusema kitu. Wakati wa kukishusha tulihitaji wanaume wanne. Nilikuwa nimekibeba kwenda kanisani na Gerald peke yake.

Majirani walikuwa wamesimama kwenye uzio. Nikavua kofia.

"Anaitwa Clement," nikasema. "Ni mtoto wangu na Emiliana. Ni wa kwanza wetu. Mimi ni baba yake na nilimkana."

Sauti ilinitoka ndogo. Mama Editha akasema hawajasikia kule nyuma. Nikarudia. Akasema tena hawajasikia. Mara ya tatu nikapaza sauti mpaka mbwa wakabweka, ndipo akainama akachukua udongo wa kwanza.

Nilidhani nimemaliza. Nilitaka iwe nimemaliza, na pengine hilo nalo ni kosa.

Kesho yake kulipokucha Emiliana aliamka blauzi imelowa. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka kumi na moja, mke wangu hajanyonyesha tangu huyo alipoachishwa. Yalikuwa maziwa. Yalimtoka upande wa kushoto peke yake. Siku ya pili yakatoka. Siku ya tatu yakatoka. Tulienda zahanati, muuguzi akampima, hana mimba, akasema mambo haya hutokea kwa wanawake, akampa vidonge. Sikubishana naye, yeye ndiye aliyesoma. Hakuvimeza. Siku ya nne aliamka kabla yangu, akajishika kifuani, kukavu. Hapo ndipo alipolia. Alilia kilio cha msiba, majirani wakaja wakakaa naye mkekani mpaka jioni, na hakuna aliyeuliza nani amekufa.

Ile blauzi hakuifua. Aliikunja, akaiweka kwenye sanduku la bati, chini kabisa, chini ya nguo za sikukuu. Huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Sasa ni mwezi wa nne, mvua zinaelekea kuisha, na nguo zote nyingine za sanduku lile ni kavu na zina harufu ya vidonge vya nondo.

Jana, kabla sijachukua kalamu, nilifungua nikaingiza mkono. Bado imelowa. Na ni ya vuguvugu.